Jina la Pili Kwenye Hati

Mimi ndiye niliyemwingiza mama yangu katika jambo la ile nafuu ya kodi, na sitaki mtu mwingine abebe lawama hiyo.

Mwaka 2010 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea uhasibu. Kila Jumamosi, tangu Januari hadi katikati ya Aprili, nilikaa kwenye meza ya maktaba ya mtaa wetu, mashariki ya mto hapa Toledo, nikiwajazia watu fomu za kodi bila malipo. Tulikuwa wanafunzi sita. Kabla ya kuruhusiwa kushika kalamu tulifanya mtihani, kisha tukatia sahihi kiapo kwamba hatutaandika jambo lolote tunalojua si kweli. Nilikitia sahihi kwa moyo wote. Niliamini kwamba sheria ni mlango, na kwamba maskini wanabaki nje kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha kitasa kilipo.

Mlango niliomwonyesha mama ulikuwa huu. Serikali ilikuwa ikimpa kila anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza hadi dola elfu nane, kupitia hesabu yake ya kodi. Masharti hayakuwa mengi: mkataba wa mauziano utiwe sahihi kabla ya Aprili kwisha, nyumba ikabidhiwe kabla ya Juni kwisha, na mnunuzi asiwe amemiliki nyumba anayoishi ndani yake kwa miaka mitatu iliyotangulia. Bei za nyumba zilikuwa zimeporomoka, nusu ya mtaa ilikuwa na mbao madirishani, na kwa mara ya kwanza hata mpishi wa shule ya msingi angeweza kufikiria kununua.

Mama yangu, Lorraine Tolnay, alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Tulipanga ghorofa ya juu katika nyumba ya mtu ambaye, kumbe, alikuwa amekwisha acha kuilipa benki. Mwezi Machi tukakuta karatasi mlangoni ikitutaka tuwe tumeondoka kufikia katikati ya Julai. Mama aliisoma nusu, akaikunja. Alisema hakuchoshwa na kuhama, kuhama alikuwa amekwisha kuzoea. Alichochoka nacho ni kuomba ruhusa ya kupigilia msumari.

Basi nikamwambia juu ya ile nafuu, nikamchorea hesabu nyuma ya bahasha, na nikaona uso wake ukifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Bibi afariki.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya Bwana Delbert Hauck, mjane aliyestaafu kiwanda cha vioo na ambaye binti yake alikuwa akimtaka ahamie kwake Arizona. Ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye baraza mbele na bustani ya nyanya nyuma. Bwana Hauck alimwambia mama bila kuulizwa kwamba jiko la gesi lina mafiga manne, mawili ya kupikia na mawili ya kumfurahisha mgeni. Dalali wetu, Wendell, kijana wa tai fupi, alikohoa na kusema nyumba hiyo ina haiba ya kipekee.

"Wendell," mzee akasema, "wewe ungeuza hata kaburi la mama yako, ukaliita nyumba ya chumba kimoja yenye utulivu."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Tarehe ishirini na nane Aprili akatia sahihi mkataba.

Hakuwa na fedha taslimu za malipo ya kwanza. Wendell akatupeleka kwenye mfuko mmoja wa mikopo uliokuwa ukiwakopesha watu wa hali yetu kwa kutegemea ile nafuu: ungempa mama dola elfu sita siku ya makabidhiano, naye angezirudisha serikali ikishamlipa, kabla ya Desemba kwisha. Asiporudisha, mfuko ungekuwa na haki juu ya nyumba. Niliisoma ile karatasi mara mbili na kumwambia mama ni salama. Nilisema kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mwanzoni mwa Juni mfuko ulitaka orodha ya mahali pote tulipowahi kuishi. Nikaenda kutafuta anwani katika bati la biskuti alimokuwa akitunzia karatasi Bibi Piroska, mama yake mama. Ndani mlikuwa na vyeti vya ubatizo, picha za harusi za watu ambao hakuna aliyewakumbuka, na chini kabisa hati ya ile nyumba ya zamani tuliyokuwa tukiishi sote watatu. Hati ilikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa Piroska Tolnay. La pili lilikuwa Lorraine Tolnay.

Huku kwetu jambo hilo ni la kawaida kabisa. Mzee akianza kuanguka bafuni, wanawe humpeleka kwa wakili mwenye ofisi juu ya duka la soseji, na jina la mtoto mmoja huongezwa kwenye hati, ili siku ya msiba nyumba isikwame katika mahakama ya mirathi. Watu hulizungumza baada ya misa, kikombe cha kahawa mkononi, kama wanavyozungumzia chanjo ya mafua. Wakili hutoza kidogo, wanasaini, wanashuka chini kununua soseji. Hakuna anayefikiri kwamba siku hiyo amekuwa mwenye nyumba.

Nilimkuta mama jikoni akikata kabichi. Nikamuuliza kama alijua jina lake limo.

"Jina tu," akasema, bila kuinua macho. "Ni kwa ajili ya mirathi. Nani hajaandikwa? Hata Ferenc mlevi kaandikwa kwa mama yake."

"Mama, kwa sheria ya kodi wewe ulikuwa mwenye nyumba."

Hapo akaweka kisu chini, akanitazama kana kwamba nimemtania vibaya. "Mwenye nyumba? Mwenye nyumba gani anatolewa nje na askari, kakumbatia mto wake wa kulalia?"

Hilo nililikumbuka vizuri kuliko alivyodhani. Bibi alikuwa amekopa kwa ajili ya paa, mwaka mmoja kabla ya ile safari ya kwa wakili, na alipofariki mwanzoni mwa 2007, majira ya baridi, deni likabaki. Bahasha zilianza kuja, nene, zenye mihuri. Mama alizitia kwenye droo ya vijiko bila kuzifungua. Alisema ni deni la mama yake juu ya nyumba ya mama yake, na marehemu hana la kujibu. Nyumba ikapigwa mnada. Julai wakatutoa.

Siku iliyofuata sikwenda darasani. Nilikwenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi, nikasimama kwenye dirisha la kioo, nikaomba kuona ni lini hasa nyumba ile ilitoka mikononi mwetu. Karani alikuwa mama mpole mwenye miwani ya kamba. Alifungua ukurasa kwenye kompyuta, akaugeuza uso wa kioo nione mwenyewe. Mahakama iliuthibitisha mnada tarehe tisa Julai 2007. Mpaka siku hiyo mwenye nyumba, peke yake, kwa kuwa wa kwanza alikuwa amekufa, aliandikwa Lorraine Tolnay.

Sikuhitaji karatasi ya kufanyia hesabu. Miaka mitatu ingetimia tarehe tisa Julai 2010. Mwisho wa kukabidhiwa nyumba ulikuwa tarehe thelathini Juni. Mama yangu alikuwa amepungukiwa na siku tisa.

Karani aliniuliza kama nataka nakala. Nikasema ndiyo, nikailipia, kisha nikaketi kwenye benchi la ukumbini kwa muda mrefu nikiwa nimeishika kama risiti ya kitu ambacho siwezi kukirudisha dukani.

Tulibakiwa na tumaini moja jembamba. Wanunuzi walikuwa wengi mno, mabenki yamezidiwa na makaratasi, na huko Washington kulikuwa na mswada wa kuisogeza siku ya makabidhiano hadi mwisho wa Septemba kwa wote waliokwisha saini mikataba Aprili. Ulipita hapa, ukakwama pale, ukabandikwa kwenye mswada mwingine mkubwa, nao mkubwa ukaanguka. Kila asubuhi nilifungua habari zake kabla ya kupiga mswaki.

Nikamwendea Bwana Hauck. Nilimweleza yote, maana sikujua kumwomba mtu msaada huku nikimficha sababu. Nikamuuliza kama angekubali tukabidhiane tarehe kumi na mbili Julai. Alikuwa amepiga magoti akifunga miche ya nyanya kwenye fito.

"Nyanya hizi zinaiva Agosti," akasema. "Mwanangu anataka nikimbilie jangwani Juni, kwani huko kuna nini, kuna barafu? Mwambie mama yako mimi nipo."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Lakini mama hakufurahi. Alikuwa ameshazungumza na Wendell, na Wendell alikuwa ameshazungumza na mfuko, na jibu la mfuko lilikuwa fupi: wasipokabidhiana kufikia Juni thelathini, na sheria isipobadilika, hakuna elfu sita, na bila hizo hakuna nyumba, wala amana aliyoweka siku ya mkataba hairudi. Wendell hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba hati ile ya zamani hakuna aliyeiuliza, na kwamba yeye mwenyewe hajasikia lolote.

Wiki mbili tulizunguka meza moja. Nilimwambia tusubiri. Akaniuliza tusubiri wapi, na tukae katika nyumba ya nani. Alinikumbusha kwamba baba yake aliahidiwa kutoka hukohuko Washington kwamba kiwanda kitafunguliwa tena, akafa akiwa na kitambulisho chake cha kazi mfukoni. Mizigo yetu ilikuwa tayari katika makasha ya ndizi niliyoyaomba sokoni. Siku za mwisho tulikula mezani tukiwa na vijiko viwili na sufuria moja. Vingine vyote vilikuwa vimefungwa.

Tarehe thelathini Juni, saa nane mchana, tulifika kwenye ofisi ya makabidhiano. Mama alivaa gauni lake la Pasaka. Ukumbini nikamvuta kando, nikamwambia habari niliyoisoma asubuhi: baraza la chini lilikuwa limeupitisha mswada jana yake, na kwa kura nyingi sana. Kilichobaki ni Seneti peke yake.

"Seneti wamepitisha?" akauliza.

"Bado. Huenda leo. Huenda kesho."

Akanishika mkono. "Wewe ndiye uliyesoma. Niapie kwamba watapitisha, nami nitageuka sasa hivi turudi nyumbani. Unaniapia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini sikujua, na nilikuwa msichana ambaye hakuapa asichokijua.

"Siwezi, Mama."

"Basi tuingie."

Ndani kulikuwa na meza ndefu, rundo la karatasi, na mwanamke aliyezigeuza moja moja akionyesha mahali pa sahihi. Bwana Hauck alitia sahihi zake akilalamika kwamba alipomwoa mkewe alisaini mara moja tu. Kisha mwanamke yule akafika kwenye tamko la mfuko, akalisoma kwa sauti, akauliza kama mama alimiliki nyumba aliyoishi katika miaka mitatu iliyopita.

Mama hakunitazama. "Hapana," akasema, akasaini.

Bwana Hauck alikuwa ameinamisha kichwa akichunguza kucha zake zenye udongo. Mimi nilikuwa nikiitazama kalamu. Sikusema kitu.

Tulihamia siku ileile, na kesho yake asubuhi nilikuwa nikisugua makabati, redio iko juu ya jokofu. Mama alikuwa amesimama juu ya kiti, nyundo mkononi, akipigilia msumari wa kutundikia chungu cha chuma cha Bibi. Alikuwa akiimba. Mtangazaji akasema kwamba jana jioni Seneti iliupitisha mswada wa wanunuzi wa nyumba, na Rais anatarajiwa kuutia sahihi mara moja.

Nyundo ikanyamaza.

"Jana lini?" akauliza.

"Jioni."

"Sisi tulisaini saa nane."

"Ndiyo."

"Na sasa mwisho ni lini?"

Nikamwambia mwisho wa Septemba. Akashuka kwenye kiti polepole, mguu mmoja, kisha wa pili, akaketi juu yake. Alihesabu kwa vidole, midomo ikitembea, kama wanavyohesabu watoto wa shuleni kwake wanapogawiwa maandazi. Alipofika kumi na mbili alikunja ngumi.

"Mzee alikubali kungoja," akasema.

"Alikubali."

Mchana Bwana Hauck alikuja kuchukua ngazi yake, akatukuta tumekaa. Akauliza kama kuna msiba, maana ametuachia nyumba na si maiti. Akaiacha ngazi, akaondoka.

Katikati ya Julai mama aliweka fomu ya nafuu mezani mbele yangu, na kalamu juu yake. Alisema nijaze. Nikamwambia siwezi; tarehe ya kukabidhiwa ni Juni thelathini, haibadiliki tena milele, na kwa tarehe hiyo yeye hastahili. Nikamwambia kuhusu kiapo changu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini sana.

"Siku ile mbona ulinyamaza? Mdomo wako unaruhusiwa kudanganya kwa kunyamaza, ila mkono wako ndio mtakatifu?"

Nilimwambia nitaacha chuo muhula mmoja, nitafute kazi ya ghalani, tulipe zile elfu sita. Akaniambia nisimtishe kwa shule, kwamba shule ile ndiyo kitu pekee katika familia yetu ambacho bado hakijapigwa mnada. Kisha akavuta fomu upande wake. Alisema barabarani kuna watu wanaojaza fomu kwa dola hamsini bila maswali, lakini yeye hana haja nao, anajua kuandika.

Aliandika jina lake. Aliandika anwani ya nyumba, kwa herufi kubwa za mviringo alizofundishwa na watawa, na nikamwona akiitazama anwani ile kidogo. Akafika kwenye tarehe ya kununua. Kalamu ikasimama.

"Lete lile bati," akasema.

Nikaleta. Akaitoa hati ya nyumba ya Bibi, akainyoosha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye jina la pili. Nikadhani anatafuta njia ya kuzunguka lile jina.

"Corinne," akasema, "zile bahasha za kwenye droo. Ziliandikwa kwa nani?"

Nikamwambia nadhani ziliandikwa majina yote mawili.

"Kwa hiyo walikuwa wakiniuliza mimi. Kama ningefungua, ningeweza kwenda. Ningesimama pale mahakamani nikasema nipeni muda, nina kazi, nitalipa kidogo kidogo."

"Huenda."

"Ilikuwa nyumba yangu." Hakulia. Alilisema kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza na kutaka kuhakikisha analitamka sawasawa. "Nyumba yangu, na mimi nikaondoka na mto, kama mgeni."

Hakuandika tarehe. Aliikunja fomu mara mbili, akaitia ndani ya bati pamoja na hati, akafunga kifuniko. Kisha akanitaka nimwandikie mfuko barua, niseme kweli yote, jina la pili, siku tisa, na lile tamko, na niulize wanatutaka tufanye nini. Niliiandika usiku kucha kichwani, na asubuhi kwenye karatasi. Akaitia sahihi yeye mwenyewe, na chini yake, ingawa hakuna aliyeniomba, nami nikatia yangu.

Jibu lilikuja Jumatatu ya pili ya Agosti, bahasha nene yenye muhuri. Nilimwona kupitia dirishani akiitoa sandukuni. Aliifungua palepale kando ya lango, kwa kidole gumba, akasoma kurasa zote mbili akiwa amesimama juani na nguo za kazi, bila kukaa na bila kuniita.

Alipoingia akaniambia lililomo. Hawatamshitaki. Hawataongeza siku hata moja. Elfu sita zote ziwe zimerudi Desemba thelathini na moja, ama wanachukua hatua juu ya nyumba. Tulikuwa na mia tisa na kitu.

"Ni siku ngapi hapo?" akauliza.

Nikamwambia mia moja arobaini na nne.

Aliosha mikono. Akaingia chumba cha mbele, kile chenye jua, alichokuwa amekwisha kukipaka rangi ya manjano na ndimo alimokuwa akilala, akaanza kutoa nguo zake kabatini na kuzirundika kwenye kochi la sebuleni. Nikamsaidia kubeba godoro. Kisha akakata ubavu wa kasha moja la ndizi, akaniambia niandike kwa maandishi makubwa kwamba chumba kinapangishwa, na bei yake, na kwamba mpangaji anaruhusiwa kupigilia misumari.

Akakichukua kile kipande cha kasha, akachukua nyundo, akatoka barazani. Nilisikia mapigo manne, moja kwa kila pembe.